Nyumba Inauzwa, na Maneno Je?

"Nyumba ya starehe ya familia inauzwa. Ipo katika mtaa mtulivu kando ya bahari." Matangazo ya namna hii si mageni kwa wasomaji wa magazeti. Aghalabu nyumba zinazohusika ziko pwani yetu, na baadhi yazo ni majumba ya mawe ya Lamu na Shela, kijiji kilicho umbali wa kilomita tatu hivi kutoka mji wa Lamu.

Mimi ni mwanaisimu, wala sina utaalamu wa biashara ya majumba. Hata hivyo, kazi yangu ni kuyapima maneno, na katika tangazo hili yapo matatu yanayostahili kupimwa: familia, mtulivu na inauzwa.

Tuanze na familia. Kwa Waswahili wa Lamu, nyumba ya mawe haikuwa chombo cha kuhifadhia watu tu. Kwa desturi, mzazi mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba alipoolewa, naye bwana arusi akahamia kwa mkewe. Hivyo, nyumba ilikuwa sitara ya mwanamke na fungamano la ukoo. Muundo wake wenyewe unalithibitisha jambo hili. Mgeni hupokewa kwanza kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe. Akiruhusiwa kuingia, hupita tekani, njia iliyopindishwa makusudi ili mpita njia asiweze kuona ndani. Kisha huja kiwanda, yaani ua, na misana, vyumba virefu vyembamba ambavyo upana wavyo uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mwisho kabisa ni ndani, chumba cha mwenye nyumba, chenye zidaka ukutani. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa nyumba njema si mlango.

Sasa nyumba hiyo ikiuzwa na kugeuzwa kuwa makao ya likizo, daka huitwa "veranda", zidaka huwa "shelfu", na tekani hubomolewa ili upepo wa bahari upite. Msamiati unapokosa kitu cha kurejelea, hauchukui muda kufa. Mtoto hawezi kujifunza neno tekani asipowahi kuipita. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu, baadhi yao wenyeji wa pwani, maana ya neno hilo. Darasa zima lilinyamaza.

Neno la pili ni mtulivu. Mtaa wa Waswahili haukuwa mtulivu kwa maana ya tangazo hili. Ulikuwa na sauti za watoto wa chuoni, wazee wa barazani na akina mama wakiitana kutoka dari hadi dari. Utulivu unaosifiwa leo, mara nyingi, ni wa nyumba zinazokaa zimefungwa miezi mingi ya mwaka zikimngoja mwenyewe arudi kutoka ng'ambo. Aidha, wauzaji wauitapo utulivu huo bidhaa, huwa wamewatoa wenyeji katika hesabu.

Tatu, inauzwa. Ikumbukwe kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010, asiyekuwa raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99. Kisheria, basi, mgeni hukodi. Lakini miaka 99 ni umri wa vizazi vitatu au vinne. Mjukuu wa muuzaji hataiona siku ya kurejeshewa.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Wapo wageni walioyanunua magofu wakayajenga upya kwa chokaa na matumbawe, wakawapa kazi mafundi wetu. Wala muuzaji si msaliti. Mwenye nyumba akifa, huacha warithi wengi na nyumba moja; fungu la mwana wa kiume ni sawa na la mabinti wawili, na nyumba haikatiki kama mkate. Karo inadaiwa, hospitali inadai, na paa linavuja. Mnunuzi ajapo na fedha taslimu, warithi hugawana na kutawanyika.

Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hadhi hiyo husaidia kuzilinda kuta, lakini haimlazimu mtu yeyote kuishi baina yazo. Jambo hilo limo mikononi mwa wenyewe, na zana wanazo. Sheria ya Kiislamu inatambua shufaa, yaani haki ya mshirika kulinunua fungu la mwenzake kabla halijamwendea mtu wa nje. Inatambua pia wakfu, ambao huifunga mali isiuzwe wala kurithiwa. Ukoo ukikaa kitako mapema, kabla ya msiba badala ya baada ya matanga, unaweza kuzitumia. Kungojea hadi dalali abishe hodi ni kuchelewa.

Nanyi walimu mna sehemu yenu. Wapeni wanafunzi zoezi la kwenda kwa bibi na babu zao, wa Lamu au wa kwingineko, wakaulize jina la kila sehemu ya nyumba ya jadi na kazi yake, waandike. Mshairi wa Al-Inkishafi aliyaomboleza majumba ya Pate yaliyokuwa yamekwisha kuwa magofu, na kwa tungo zake twajua hadi leo kuwa mlikuwa na zidaka ndani yake. Pate ilipata wa kuyaandika maneno yake. Nyumba zinazotangazwa leo zinapakwa rangi na kung'arishwa, kwa hiyo si rahisi mtu kukumbuka kwamba nazo zina maneno yanayohitaji kuandikwa.