Randa ya Mkono na Mashine ya Umeme

Mwaka huu vijana wetu wa hapa Maskati wameniuliza mara nyingi: kuna haja gani ya kujifunza randa na patasi, ilhali mashine za umeme zimejaa madukani? Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa uadilifu.

Kwanza, mashine isitukanwe. Keke ya umeme ya kushika mkononi ilitengenezwa na kiwanda cha Fein mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1895, na imewapunguzia mafundi taabu kubwa. Kupasua mbao, kuziranda 20 ziwe na unene mmoja, kutoboa matundu 100: kazi hizo apewe mashine. Wazee wetu hawakuvuta keke ya uta kwa kupenda jasho.

Lakini mashine haiujui mti. Mti una nyuzi, na nyuzi zina mwendo wake. Ukisukuma randa ya mkono kinyume chake, chuma hukwama na ubao huchanika, nawe hugeuza upande papo hapo. Kijana aliyeanza hivyo, hata akishika mashine baadaye, hutazama nyuzi kabla ya kuwasha. Samaki mkunje angali mbichi.

Jambo hili latuhusu hasa kwa sababu ya makasha. Nyumba nyingi za jamaa zetu zina kasha la njumu lililovuka bahari kutoka Unguja au Pemba pamoja na bibi zetu. Kijana akitaka kulifanya jipya kwa mashine ya msasa, kwa dakika 5 huondoa rangi ambayo msaji umeipata kwa umri mzima, na vichwa vya njumu za shaba hulika. Kilichosagwa hakirudi. Kasha lataka kitambaa laini, nta kidogo na subira.

Tena kuna vumbi. Randa kali hutoa maranda. Msasa wa mashine hutoa unga unaoelea hewani. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Basi kijana afunike pua na mdomo, wala asisage chumbani walalamo watoto.

Rai yangu kwa wazazi ni hii. Kabla ya mashine, mnunulieni kijana msumeno, randa, patasi mbili na jiwe la kunolea. Kisha mwambieni atengeneze marufaa ya kuwekea msahafu, kwa ubao mmoja, bila msumari wala bawaba, viungo vyake vikichongwa ndani ya ubao wenyewe. Akikosea kipimo kidogo tu, haikunjuki. Siku atakapoikunjua ikasimama sawasawa, mnunulieni mashine aitakayo.