Nani Huamua Juu ya Wana Wetu?



Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, mama zangu na dada zangu, huenda mkastaajabu kuiona safu hii juma hili ikizungumzia mchezo, tena mchezo wa ng'ambo ambao wengi wetu hatuzijui hata kanuni zake. Sikusudii kuwafundisha mchezo. Nataka tutazame namna watu wazima walivyogombania uamuzi juu ya afya ya vijana wao katika mwaka wa korona, 2020. Uamuzi wa namna ile hufika katika kila nyumba: mtoto aende au abaki, arusi isogezwe au isisogezwe, mgonjwa azuriwe au aachwe apumzike.

Futiboli ya Kimarekani si kandanda tuijuayo. Mpira wake una umbo la yai, hubebwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu na kukumbana kifua kwa kifua. Vyuo vikuu vya Marekani vina timu za mchezo huu zenye mashabiki wasiohesabika. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake hupokea watu zaidi ya laki moja. Fedha za televisheni na za tiketi ndizo, katika vyuo vikubwa, zinazolisha michezo mingine karibu yote. Wachezaji wenyewe ni wanafunzi, vijana wa miaka 18 hadi 22 au zaidi kidogo. Wakati ule hawakuwa na mshahara. Wengi walipewa ufadhili wa masomo basi. Mamilioni yaliingia katika hazina za wakubwa, na kifua kilichowekwa mbele kilikuwa cha mwana wa mtu.

Msimu wa mchezo huo huanza mwisho wa Agosti au Septemba. Mwaka ule, vyuo vinane vya kale vya Ivy League vilitangulia kufuta michezo yao ya msimu wa vuli tarehe 8 Julai. Muungano wa vyuo uitwao Big Ten, ambao wakati huo ulikuwa na vyuo 14, ulitoa ratiba mpya tarehe 5 Agosti: mechi kumi, za wao kwa wao tu, ili kupunguza safari. Siku sita baadaye, tarehe 11 Agosti, muungano huohuo ukatangaza kwamba msimu umeahirishwa. Pac-12, muungano wa vyuo vya pwani ya magharibi, ukafuata siku hiyohiyo. Lakini miungano mikubwa ya kusini na kati, SEC, ACC na Big 12, ikashikilia kucheza. Kukawa na nchi moja, maradhi mamoja, na fatwa mbili.

Hapo wazazi wakainuka. Uchungu wa mwana aujuae mzazi, na wazazi wa wachezaji wa Ohio State, Iowa, Penn State na kwingineko waliandika barua wakitaka waelezwe uamuzi umefikiwa vipi. Tarehe 21 Agosti baadhi yao walisimama nje ya makao makuu ya Big Ten huko Rosemont, karibu na Chicago, wakadai majibu. Justin Fields, nahodha wa mashambulizi wa Ohio State, alianzisha ombi la hadhara la kutaka kucheza, na watu zaidi ya laki mbili na nusu wakatia saini. Wachezaji wanane wa Nebraska wakaenda mahakamani.

Wala si kwamba wakuu wa vyuo hawakuwa na hoja. Madaktari walikuwa wameanza kuona kwa baadhi ya waliougua korona uvimbe katika misuli ya moyo, na kijana mwenye moyo wa namna hiyo akikimbia kwa nguvu zake zote huenda akaanguka na asiinuke. Vipimo vilikuwa haba, na majibu yake pengine yalikawia siku kadhaa, hata mwenye maradhi akawa ameshawaambukiza wenziwe kabla ya kujulikana. Wapo wazazi waliokuwa wameshauguza vijana wao, wakaona mwana mwenye kifua kama jabali akihangaika kuvuta pumzi. Mzazi wa namna hiyo hakuhitaji kuhadithiwa.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Tangazo lilitolewa bila ya maelezo ya kutosha. Kwa siku nyingi haikujulikana hata kama wakuu wa vyuo walipiga kura. Baadhi ya viongozi wa vyuo hivyo wenyewe walizungumza kwa mashaka. Kamishna wa muungano, Kevin Warren, aliandika barua ya wazi tarehe 19 Agosti akieleza sababu, lakini ndani yake akasema kwamba jambo lile halitatazamwa tena. Hesabu ya kura, 11 kwa 3, ilikuja kujulikana baadaye kupitia karatasi za ile kesi ya mahakamani. Na watu hawakuacha kutaja kwamba mwana wa kamishna mwenyewe alikuwa katika timu ya chuo cha Mississippi State, kilichomo katika muungano wa SEC uliokuwa ukijitayarisha kucheza. Huenda baba yule alikuwa na dhamiri safi kabisa. Lakini mtu akifunga mlango wa maelezo, watu hufungua dirisha la dhana.

Sisi Waislamu tuna kisa kinachotosha kuwa kioo cha jambo hili. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alitoka Madina kuelekea Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akakutana na majemadari wake, wakampa habari kwamba tauni imezuka huko aendako. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakakubaliana kwamba arudi na watu wake. Ndipo akatangaza mbele ya wote kwamba asubuhi watarejea. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah, Sayyidna Umar hakumkemea wala hakumwambia kwamba jambo limekwisha. Alimjibu kwa hoja: kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah, na akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshukia bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote atakapolisha ni kwa kadari ya Mola wake. Kisha akaja Abdur-Rahman bin Awf (r.a.), ambaye hakuwapo, akatoa alichokisikia kwa Mtume (s.a.w.): nchi iliyoingiwa na tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar akamhimidi Allah, akarejea.

Tazameni, ndugu zangu. Khalifa mwenye amri juu ya majeshi aliuliza makundi matatu, akasema hadharani, akakubali kuulizwa, na elimu ilipomjia akaipokea. Abu Ubayda hakukubaliana naye, na heshima yake haikupungua. Nayo tauni ile ya Amwas ndiyo iliyokuja kumchukua Abu Ubayda mwenyewe, Allah amuwie radhi.

Turudi Marekani. Tarehe 16 Septemba, wakuu wa Big Ten waligeuza uamuzi wao kwa kauli moja: msimu utaanza Oktoba. Kilichobadilika ni kupatikana kwa vipimo vya haraka vya kila siku. Waliweka masharti makali: kila mchezaji apimwe kila siku, atakayepatikana na virusi achunguzwe moyo, na asirudi mchezoni kabla ya siku 21, na timu ambayo maambukizi yake yamepita kiwango cha asilimia 5 isimame kwa siku zisizopungua saba. Mashabiki wasiingie uwanjani, isipokuwa jamaa za wachezaji na makocha. Miungano mingine iliyokuwa imeahirisha, Pac-12 ikiwa mojawapo, ikarudi pia kabla ya mwezi kwisha.

Je, waligeuka kwa sababu ya vipimo, au kwa sababu ya fedha, au kwa sababu mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi na rais wa nchi alimpigia simu kamishna tarehe 1 Septemba kumhimiza? Kubadili rai elimu inapobadilika si aibu, ni uungwana. Lakini kwa kuwa hapo mwanzo sababu hazikuwekwa wazi, hapo mwisho hakuna aliyeweza kuitenganisha sababu ya haki na sababu ya tamaa. Hiyo ndiyo hasara ya kuamua gizani: hata unapopatia, huaminiki.

Msimu wenyewe ulikwenda kwa kuchechemea. Big Ten walipanga mechi nane katika majuma manane, bila juma moja la akiba. Haukupita muda, Wisconsin ikapatwa na maambukizi na mechi yake ya pili, ya tarehe 31 Oktoba, ikafutwa. Ohio State ilicheza mechi tano tu kabla ya fainali ya muungano, ilhali sharti lilikuwa sita. Wakuu wakaliondoa sharti hilo Disemba ili timu hiyo iingie. Mechi yake na Michigan, iliyochezwa kila mwaka tangu 1918, nao ni mwaka wa ile homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani, haikuchezwa. Fainali ya taifa ilichezwa tarehe 11 Januari 2021, na Alabama, waliocheza mechi 13 mwaka mzima, wakawashinda Ohio State waliocheza nane, kwa 52 kwa 24.

Yapo mambo mawili mengine ambayo safu hii haiwezi kuyapita. La kwanza ni la mabinti. Katika Agosti ile futiboli ilipoahirishwa, Chuo Kikuu cha Iowa kilitangaza kufuta michezo minne kwa ajili ya upungufu wa fedha, na kuogelea kwa wanawake kukiwa kimojawapo. Mabinti hawakuwa wamekosa lolote. Kisima walichonyweshwa ndicho kilichokauka. Wakaenda mahakamani kudai haki yao ya usawa, hakimu akazuia kufutwa kwao, na Februari 2021 chuo kikawarudishia mchezo wao. Fedha zinapopungua katika nyumba, ni wangapi kati yetu hukata kwanza ada ya binti?

La pili ni la wazazi. Mechi ya Rose Bowl huchezwa Pasadena, California, kila mwaka mpya. Mara hii serikali ya jimbo haikuruhusu watazamaji, hata mama na baba za wachezaji. Mechi ikahamishiwa Arlington, Texas, ambako jamaa waliweza kuingia. Tangu 1942, wakati wa vita vikuu, mechi hiyo haikuwahi kutoka Pasadena. Sisemi kwamba jimbo lilikosea, kwani hospitali zake zilikuwa zimefurika wagonjwa. Ninasema kwamba macho ya mzazi yalionekana kuwa na thamani ya kuhamisha jambo kubwa namna ile.

Wala nasi hatukuwa mbali na mitihani hiyo. Shule zetu zilifungwa Machi 2020. Julai, waziri wa elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea na shule zitafunguliwa Januari 2021. Kisha tarehe 12 Oktoba wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudishwa, na mitihani ya taifa ikaanza Machi 2021. Mama aliyekuwa ameshamwambia mwanawe atulie nyumbani, ghafla akawa anatafuta sare na karo. Tulisogezwa mbele na nyuma kama kete za bao, na wengi wetu hatukuuliza sababu, kwa kudhani kuuliza ni ukaidi.

Kuuliza si ukaidi. Mzazi ana amana mkononi mwake, na mwenye amana ana haki ya kujua. Shule ikipanga safari au mashindano wakati wa maradhi, ulizeni: mtoto akiugua huko, nani atamtazama? Ni jambo gani litakalosababisha safari isimamishwe, na je, limeandikwa kabla? Mtoto akikataa kwenda kwa hofu, atapoteza nafasi yake? Vyuo vya Marekani, pamoja na kasoro zao zote, vililazimishwa kulijibu swali hili la mwisho: aliyejitoa kwa kuhofia korona alihifadhiwa ufadhili wake, na wachezaji wote wa msimu ule wakaongezewa mwaka mmoja wa kucheza.

Na majumbani mwetu, tusiwafanyie watoto yale tusiyoyapenda kwa wakubwa. Ukimzuia kijana jambo alipendalo, mwambie kwa nini, hata kama atalia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini hawakusema alizwe bila ya kuelezwa. Mwite, akae, aseme lake. Ukiona ana hoja, ichukue. Ukibaki na rai yako, naye atajua kwamba alisikilizwa. Kijana aliyezoea shura nyumbani hatakubali kesho kuamuliwa gizani, na akipewa uongozi hatawaamulia wenzake gizani.

Allah atuhifadhie watoto wetu, atupe hekima katika kuzuia na katika kuruhusu, na awarehemu wote tuliowapoteza katika maradhi yale. Amin.

Wallahu a'lam.