Sera Ikigeuka, Mradi Usiachwe Nyuma

Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo ambalo kila mwananchi aliweza kulielewa: ifikapo mwaka 1991, kila mtu aishiye kijijini awe anapata maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika ukapita, na akina mama wengi walikuwa bado wanaamka alfajiri kufuata maji mtoni. Sababu zilikuwa nyingi. Bei ya mafuta ilipanda tangu 1973, vita vya Kagera vikaja 1978, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika. Mambo hayo hayakuwa katika uwezo wa ofisa wa wilaya. Lakini ipo sababu nyingine iliyokuwa, na hata leo ingali, mikononi mwa watumishi wa umma. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia.

Mpango ule ulikuwa wa miaka 20, na katika miaka hiyo karibu kila kitu kilichouzunguka kilibadilika. Mwaka 1972, chini ya utaratibu wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya wananchi walihamia, na wengine wakahamishwa, katika vijiji vya pamoja. Mwaka 1984 halmashauri zikarudishwa. Kila uamuzi ulikuwa na shabaha yake. Lakini kisima hakihami. Bomba lililotandazwa kuelekea palipokuwa na makazi haligeuki lenyewe likawafuata watu walikohamia. Na mita 400 zilizopimwa kutoka mlangoni mwa nyumba iliyokwisha kubomolewa hazina maana tena.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja baadaye. Kwa miaka mingi Serikali ndiyo iliyojenga mradi, ikanunua dizeli na kumlipa mtunza mashine. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikaamua kwamba watumiaji wenyewe wamiliki mradi wao, wauendeshe na wachangie gharama zake. Tufikirie maana yake kwa mzee wa kijijini ambaye tangu ujana wake aliambiwa kuwa maji ni huduma ya bure. Pale ambapo watumishi walikwenda kijijini, wakaitisha mkutano, wakaeleza, wakajibu maswali magumu, wakahakikisha kamati imechaguliwa na stakabadhi zinatolewa, badiliko hilo liliweza kushika mizizi. Pale ambapo waraka ulisomwa ofisini na kutiwa jaladani, mashine ilisimama siku mkanda wake ulipokatika. Wilaya ikasema mali ni ya kijiji. Kijiji kikasema mali ni ya Serikali. Kila upande ulikuwa na haki, kwa mujibu wa karatasi za mwaka wake. Na maji hayakutoka.

Tusidhani kwamba hatari hiyo imekwisha. Sheria ya mwaka 2009 iliweka vyombo vya watumiaji maji. Sheria ya mwaka 2019 ikaunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, na kuvipanga upya vyombo vya kijamii. Kila mara madaraka yanapohama, yako mambo yanayopaswa kuhama pamoja nayo: orodha ya mali, akaunti ya benki, madeni, na jina la mtu atakayeitwa usiku bomba likipasuka. Mambo hayo yasipokabidhiwa kwa maandishi, mradi hubaki yatima.

Yako magonjwa mawili yanayopaswa kupigwa vita. La kwanza ni la kubadili maneno ya taarifa na kuacha kazi kama ilivyokuwa. Mradi hupewa jina jipya linalolingana na sera mpya, wala hakuna koki moja iliyofunguliwa kwa sababu ya jina hilo. La pili ni la mkuu mpya anayefuta kila kilichoanzishwa na aliyemtangulia, ili ionekane kuwa naye amefika. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Shabaha ya mwaka 1971, maji karibu na nyumbani, haijabadilika hata leo. Kilichobadilika ni njia: nani ajenge, nani amiliki, nani alipe. Mtumishi anayeyatenganisha mambo hayo mawili hatayumba kila sera inapogeuka, wala hatang'ang'ania utaratibu uliokwisha wakati wake.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila sera inapobadilishwa, kabla ya fomu mpya kuchapwa, kila ofisi iorodheshe miradi inayoendelea na kujibu maswali matatu kwa kila mmoja. Je, shabaha ya mradi huu ingali shabaha yetu? Nani sasa ni mwenye mali, na nani mwenye gharama? Wananchi wameelezwa na nani, na lini? Mradi unaohitaji kurekebishwa urekebishwe, na fedha zake zirekebishwe pia. Usiofaa tena ufungwe hadharani, katika mkutano wa kijiji, na hesabu zake zisomwe. Kuuacha ufe kwa kutu ni kuwadharau waliochimba mitaro yake kwa mikono yao.

Walimu nao wanayo nafasi yao. Mara nyingi mwalimu ndiye anayeombwa kijijini kuusoma waraka na kuueleza. Tena anayo mkononi taarifa isiyoweza kupambwa, nayo ni daftari la mahudhurio. Mabinti wanapoanza kuchelewa shule, na ndoo zinapoonekana tena kwenye njia ya mtoni, mradi umekwisha kuachana na sera, hata kama taarifa ya robo mwaka inasema mambo ni shwari. Ofisa wa maji na aanzie hapo ukaguzi wake.