Skaneri ya tumbo: tusifiche neno

Mganga akitaka kujua yaliyomo tumboni mwa mgonjwa, pengine humpeleka kwenye skaneri. Wengi wakisikia jina hilo huogopa. Husema: «Mashine ile humfunga mtu kama jeneza.» Sivyo. Ni pete kubwa, wazi mbele na nyuma, na kitanda hupita katikati yake. Mionzi ya X huzunguka mwili, nayo kompyuta huonyesha tumbo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Wavumbuzi wake, Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mgonjwa afanye nini? Asile kwa muda alioagizwa. Avue mkanda, mkufu, hata medali, maana vitu vya madini vyaweza kuharibu picha. Bila medali shingoni Mama Maria hutusikia vilevile. Labda atapewa dawa ya kunywa, au sindano ya mshipa yenye iodi, ili viungo vionekane vema. Sindano ikiingia, aweza kusikia joto mwilini na ladha ya chuma mdomoni, hata kudhani amejikojolea. Asishtuke, hupita upesi. Lakini akiwashwa au akikosa pumzi, aseme mara moja. Alale chali, atulie, azuie pumzi akiambiwa. Picha zenyewe huchukua dakika chache tu, wala haziumi.

Basi tuogope nini? Tuogope kunyamaza. Mke kijana amekuja na mama mkwe wake. Anaulizwa: «Je, una mimba?» Kwa haya anajibu: «Hapana», naye hana hakika. Mionzi haijui haya. Yaweza kumfikia mtoto tumboni. Aombe kusema na mganga faraghani. Huenda itachaguliwa njia nyingine, kama ekografia. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa figo, wa sukari au pumu, na aliyewahi kudhurika kwa sindano ya namna hiyo, aseme wazi. Ataje na dawa zote anazomeza, hata zile za mizizi. Tena tusidai skaneri bila sababu, kwa kuwa mionzi yake huzidi ile ya picha ya kawaida.

Mbele ya padri twasema kweli kwa ajili ya roho zetu. Tuseme kweli mbele ya mganga pia, maana mwili nao ni kazi ya Mungu, nasi tumewekwa kuutunza.