Baba mdogo alipona, shamba halikupona

Nimekuwa kimya kidogo, test zimenibana na bumu lenyewe ndo hivyo tena. Leo nina la moyoni.

Juzi rumu kulizuka ubishi. Jamaa mmoja wa uhandisi kasema bima ya afya ya serikali ni kutupa hela, eti hata Marekani walipima wakakuta haisaidii. Nikamwambia kaka, hiyo stori umeipata nusu.

Waliopima ni Profesa Amy Finkelstein wa MIT na wenzake. Mwaka 2008 jimbo la Oregon lilitaka kuongeza watu kwenye Medicaid, bima ya wenye kipato cha chini, lakini hela hazikutosha. Wakajiandikisha karibu watu 90,000 kwa nafasi kama 10,000. Serikali ikachezesha bahati nasibu kuchagua wa kuruhusiwa kuomba. Mama huyu akaona mbali: waliochaguliwa na walioachwa ni watu wa aina moja, kilichowatenganisha ni bahati tu. Ukiwalinganisha unaona bima yenyewe inafanya nini.

Majibu yakawaudhi wote. Baada ya miaka kama miwili, presha, kolesteroli na sukari havikuonyesha nafuu ya uhakika. Kwenda idara ya dharura kuliongezeka kwa kama asilimia 40, wakati watetezi wa bima walitegemea kutapungua. Hapo ndipo jamaa yangu anapoishia. Lakini sonona ilipungua kwa kama asilimia 30, na zile gharama za matibabu za kumfilisi mtu karibu zilitoweka.

Mwaka 2012 alishapewa Nishani ya John Bates Clark, ya wachumi wa Marekani walio chini ya miaka 40. Angeweza kukaa na sifa zake akaficha yasiyopendeza. Hakuficha. Na mwaka 2023, pamoja na Liran Einav, akatoa kitabu cha kutaka kila Mmarekani apate bima ya msingi bila malipo.

Mimi namwelewa kwa sababu ya baba mdogo. Alifanyiwa upasuaji, akapona kabisa. Ila shamba liliuzwa, na leo analima kwa kukodi palepale alipokuwa mwenyewe. Mashine ya kupima presha haiwezi kuonyesha hasara hiyo. Kazi ya kwanza ya bima ni kulinda shamba.

Sisi tumepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tutakaoandika tasnifu za uchumi, tusiishie kuuliza wangapi wana kadi. Twende tukaulize nani ameacha kuuza ng'ombe ili atibiwe, na tuandike tutakachokuta hata kikituudhi.

Nawasilisha. Anayebisha anikute kafteria, chai juu yake.