Mkono Unaomgusa Mgonjwa



Wapendwa Taifa la Mungu, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, alitujia muuguzi mmoja, muumini wa parokia yetu, akaomba tuzungumze kidogo kando ya kanisa. Mvua ya Tukuyu haikumpa nafasi ya kuzunguka na maneno. Akauliza: "Baba Paroko, wakisema chanjo ni lazima kwetu sisi wa wodini, nami nikakataa, nitakuwa nimetenda dhambi?" Tulimjibu kwa ufupi, na jibu lile halikututosha hata sisi wenyewe. Tumeona tulirefushe hapa, maana tunajua kwamba hapa Bulyaga swali hilo si lake peke yake.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili limepitwa na wakati. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena, na ndoo za kunawia mikono zilizokuwa milangoni mwa makanisa yetu sasa zinatekewa maji ya maua. Lakini mabishano ya wakati ule hayakumalizwa, yalinyamaza tu. Yatarudi na ugonjwa ujao, tena yatarudi na maneno yale yale.

Tukumbushane kidogo. Tarehe 26 Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kwa mkono wa Rais wake wa wakati huo, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Jimbo Kuu letu la Mbeya, lilitoa tahadhari juu ya maambukizi mapya. Kesho yake, huko Chato, Hayati Rais John Magufuli alieleza hadharani mashaka yake juu ya chanjo zitokazo nje. Mwezi Machi Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza, akasema kwamba ndani ya miezi miwili tu Kanisa limewazika mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60, waliopatwa na shida ya kupumua. Kisha mambo yakageuka. Mwezi Julai iliwasili shehena ya dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen kutoka Marekani, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya taifa zima. Wahudumu wa afya waliwekwa katika kundi la kwanza, pamoja na wenye umri wa miaka 50 na zaidi na wenye magonjwa ya kudumu. Na neno lililorudiwa katika kila tangazo lilikuwa moja: hiari.

Wengine hawakwenda kwa hiari. Nchini Kenya, Agosti 2021, watumishi wote wa umma waliagizwa wawe wamechanjwa ifikapo tarehe 23 ya mwezi huo, la sivyo hatua za kinidhamu. Mwisho wa mwaka Serikali ilipotaka kuwanyima huduma wasiochanjwa, Mahakama Kuu ikaisimamisha. Uganda ilipendekeza muswada wa faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miezi sita. Italia iliwalazimisha wahudumu wa afya kuanzia Aprili 2021, na waliokataa wakasimamishwa kazi bila mshahara, mpaka sharti hilo lilipoondolewa Novemba 2022.

Sisi hatuungi mkono jela. Mtu anayechomwa sindano kwa kuogopa askari hajafundishwa kitu, na watoto wake watarithi hofu ile pasipo kujua ilikotoka. Katika hilo tunasimama na wale wanaotetea uhuru.

Lakini hapo ndipo tunapoachana nao. Kwa maana wengi wa wanaotetea uhuru huu wanatetea jambo jingine kabisa, nao wameliazimia vazi la dhamiri.

Tumewasikia Wakatoliki, watu wa sala na wa jumuiya ndogo ndogo, wakisema: "Mwili ni wangu, uamuzi ni wangu." Ndugu zetu, mmesahau mlilisikia wapi neno hilo? Ni neno lile lile linalotumiwa na watetezi wa utoaji mimba, ambalo kwa miaka mingi tumelipinga kutoka altareni. Haiwezekani liwe uongo linapomhusu mtoto aliye tumboni, kisha liwe Injili linapomhusu mgonjwa aliye kitandani. Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya sita, anatufundisha kwamba sisi si mali yetu wenyewe, kwani tulinunuliwa kwa thamani. Na sura ya nane anakwenda mbali zaidi. Anakubali kwamba ana haki ya kula nyama. Haki hiyo hakuna awezaye kumnyang'anya. Lakini ikiwa nyama yake itamwangusha ndugu aliye dhaifu, yuko tayari asiile kamwe. Je, ndani ya wodi, aliye dhaifu ni nani? Ni mtoto njiti, ni mama aliyetoka leba usiku huu, ni mzee wa kisukari aliyeletwa mgongoni kutoka mlimani.

Wengine hutuletea waraka wa Vatikani. Ni vema, nasi tuusome. Idara ya Mafundisho ya Imani, katika tamko lake la Desemba 2020, ilifundisha kwamba kuchanjwa kwa kawaida si wajibu wa kimaadili, na kwa hiyo kunapaswa kuwa kwa hiari. Hapo ndipo wasomaji wetu hufunga kitabu. Lakini tamko linaendelea! Linasema kwamba anayekataa kwa ajili ya dhamiri anao wajibu wa kufanya kila awezalo, kwa njia nyingine za kinga na kwa mwenendo unaofaa, asije akawa chanzo cha maambukizi, hasa kwa wale walio dhaifu kuliko wote. Nusu ya kwanza imesambazwa katika simu zote za Rungwe. Nusu ya pili bado hatujaletewa na mtu yeyote.

Mkulima wa chai aliyekataa chanjo anaweza kuitimiza nusu ya pili akiwa shambani kwake. Lakini mkunga je? Anaweza kumpokea mtoto akiwa amesimama mbali? Anayebadilisha kidonda, anayelisha kwa mrija, anayeshika kichwa cha anayetapika, kazi yake yote ni ukaribu. Sheria ya Walawi, sura ya 13, ilimtaka mwenye ukoma akae nje ya kambi kwa ajili ya wengine, na Bwana wetu akamrudisha ndani kwa kumgusa. Basi ikiwa leo lazima mtu akae nje ya kambi kwa muda, haki inatuambia asiwe mgonjwa. Na awe mhudumu aliyechagua. Asifukuzwe, asinyimwe mshahara, asiitwe mpagani. Apewe kazi ya stoo, ya kumbukumbu, ya dirisha la malipo, mahali asipomgusa aliye dhaifu. Hata Vatikani yenyewe, ilipotoa amri kali kwa watumishi wake Februari 2021, ilibidi ifafanue siku chache baadaye kwamba shabaha si adhabu, bali kutafuta njia nyingine ya kuifanya kazi.

Tukiri pia yanayotupasa kukiri. Chanjo za UVIKO-19 zilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo, lakini hazikuzuia kabisa maambukizi, na nguvu zake zilipungua kadiri miezi ilivyopita. Waliohubiri kwamba aliyechanjwa hawezi kumwambukiza mtu walihubiri zaidi ya walichokijua, na gharama yake ni imani ya watu. Kwa hiyo hoja ya kumwondoa mtu wodini hupimwa kwa ugonjwa husika na kwa chanjo husika. Haiwi shoka moja la kukatia miti yote.

Na wale wanaosema, "Mungu atatulinda, chanjo ni upungufu wa imani"? Shetani naye alimpandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, kwa kuwa malaika watamdaka. Hatujasikia muuguzi yeyote akiitupa glavu kwa jina la imani. Nasi mapadre, tunapovuka kwenda Kongo, huwa tunachanjwa homa ya manjano na kuibeba kadi yetu ya njano ndani ya pasipoti kwa unyenyekevu mkubwa, bila kongamano lolote la dhamiri.

Sasa turudi kwa yule muuguzi wetu. Tulipokwisha kumweleza haya, kwa ufupi kuliko tulivyoyaandika hapa, alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo limetunyima usingizi. Miaka miwili iliyopita, katika hospitali fulani ambayo hatutaitaja, alichomwa na sindano iliyokwisha kutumika kwa mgonjwa. Alipimwa virusi vya Ukimwi, akapewa dawa za kinga, akashukuru. Alipouliza juu ya homa ya ini B, aliambiwa chanjo ipo duka la dawa, akanunue. "Mimi sikatai chanjo, Baba," akasema. "Ninachokiogopa ni kulazimishwa na watu ambao ile niliyoiomba hawakunipa."

Wapendwa, hapo ndipo mahubiri yetu yote yalipogeuka na kututazama sisi.

Maana ugonjwa huu si wa kusubiriwa, upo. Mhudumu asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye homa ya ini B, hatari ya kuambukizwa huweza kufika hadi 30 katika kila 100. Kwa virusi vya Ukimwi, ambavyo vimetutia hofu kwa miaka 40, ni kama watatu katika kila 1,000. Virusi vya homa ya ini huweza kuishi juu ya meza au kitambaa kwa siku saba. Huingia kimya, hukaa ndani ya ini miaka mingi, kisha huleta kusinyaa kwa ini au saratani yake. Chanjo yake ni dozi tatu ndani ya miezi sita, nayo huwakinga zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100. Nchini kwetu iliingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2002. Kwa hiyo wauguzi na madaktari waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na hao bado ni wengi katika wodi zetu.

Na kwa wale wenye dhamiri iliyosumbuliwa na habari za seli zilizotokana na mimba zilizotolewa, dhamiri ambayo tunaiheshimu, maana tamko lile la 2020 liliandikwa hasa kwa ajili yake: chanjo ya homa ya ini B hutengenezwa kwa hamira. Hamira, ndugu zetu, ile ya maandazi.

Basi tunataka kusema wazi. Neno "lazima" lina ncha mbili, na ncha ya kwanza ni ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Lakini hata isingekuwepo sheria, lipo deni. Anayemwagiza binti wa watu aingie mahali penye damu, kisha akamwambia kinga yake akaitafute kwa mshahara wake, hana haki ya kumfundisha juu ya wajibu kwa jirani. Tunasema hivi kwa waajiri wote, na kwa uchungu zaidi tunalisemea Kanisa. Wilaya yetu imezoea kutibiwa na mikono ya Makanisa, Wakatoliki kule Igogwe, Walutheri kule Itete. Hospitali yenye msalaba juu ya lango haiwezi kuwa ya kwanza kudai sadaka na ya mwisho kutoa glavu.

Tunamkumbuka Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, Lacor, kule Gulu, Uganda. Ebola ilipoingia mwaka 2000 hakukuwa na chanjo. Wauguzi wake walikufa mmoja baada ya mwingine. Waliobaki walitishika, naye akabaki pamoja nao wodini, hadi yeye mwenyewe akafariki kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba mwaka ule. Hakuwaagiza waende mahali asipokwenda yeye. Kiongozi wa namna hiyo angesema "chanjo ni lazima", nani angemkatalia?

Kwa hiyo, kwa muuguzi wetu, na kwa wenzake wanaosali nasi hapa Bulyaga, jibu letu refu ni hili. Ikiwa umepewa chanjo bure, umeelezwa ukweli wake pamoja na mipaka yake, na huna sababu ya kiafya inayokuzuia, kisha ukakataa kwa sababu ya uvumi na ukaendelea kuwagusa walio dhaifu, basi ndiyo, unatenda kosa dhidi ya upendo, na kosa hilo unapaswa kulileta kitubioni. Ikiwa hujapewa, kosa si lako.

Nanyi mnaoketi katika bodi za hospitali na kamati za vituo vya afya, ambao tunawafahamu, na baadhi yenu hukaa benchi la mbele kila Dominika: katika kikao kijacho cha bajeti ulizeni ni watumishi wangapi wamepata dozi zote tatu za homa ya ini B, nani alilipia, na waliobaki watazipata tarehe gani. Msikubali kujibiwa "tunalifanyia kazi". Mleteni tarehe. Yule dada alituaga akiharakia zamu ya mchana. Dozi ya kwanza amekwisha kuichoma kwa fedha yake mwenyewe, na ya pili ni mwezi ujao.