Usipande Mwembe Kwenye Shamba la Kukodi

Wasee wa Wote, niwaulize: nani hapa Makueni anapanda mwembe kwenye shamba la kukodi? Hakuna. Mwembe unachukua miaka kabla uzae, na mwenye shamba anaweza kukufukuza kesho. Sasa mbona ndivyo tunafanya na picha zetu?

Mwaka jana akaunti yangu ilifungwa. Ilikuwa na miaka mitatu ya picha: barabara kabla na baada ya kuchongwa, bwawa la mchanga lililopasuka, mabango ya miradi yenye bei na tarehe ya kumaliza. Nikakata rufaa, nikajibiwa na roboti. Kwisha. Leo mkandarasi akisema kazi iliisha kwa wakati, sina cha kumwonyesha.

Na usiniambie "fungua ingine." Google+ ilifungwa Aprili 2019, posti za watu zikafutwa. Kampuni haina deni la kumbukumbu zako.

Madevelopa, njia iko. AT Protocol, ule mfumo unaoendesha Bluesky, unampa kila mtu ghala lake la data. Jina lako linaweza kuwa anwani ya tovuti yako mwenyewe, na unaweza kuhamisha ghala hadi seva nyingine bila kupoteza wafuasi. Tena si posti fupi tu: unaweza kubuni aina yako ya rekodi. Tutengeneze rekodi ya "mradi": mahali, tarehe, picha, bei ya kwenye bango. Programu moja ionyeshe ramani, nyingine orodha, zote zikisoma ghala lile lile. Moja ikifa, rekodi zinabaki.

Si uchawi. Wengi wa Bluesky bado data yao iko kwa seva za kampuni hiyo, kwa hivyo weka nakala kwako. Na rekodi hizo dunia yote inaziona, basi namba ya mama aliyelalamika usiiweke.

"Lakini watu wako TikTok na WhatsApp." Sawa, peleka video huko. Huko ni sokoni. Shamba liwe lako.

Kenya hii ndiyo ilizaa Ushahidi mwaka wa 2008, ripoti za vurugu zikitumwa kwa SMS na kuwekwa kwenye ramani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Haki hiyo ni ya nini kama ushahidi wetu unafutwa na mtu ambaye hajui Wote iko wapi?

Acheni kuunda programu ya kumi ya kuagiza chipsi. Tuanze na bango moja la mradi. Nani yuko ndani?